Kaunta buku ya kwaya mbili: tathmini baada ya mwaka wa kuandika hadharani maisha ya kila siku

Kwa mwaka mzima uliopita nimekuwa nikiandika na kuchapisha kila wiki simulizi fupi kuhusu maisha ya kawaida ya Dar es Salaam, hasa ya upande wetu wa Temeke: foleni ya maji, mazungumzo ya ndani ya daladala, hesabu za mama lishe, ugomvi na upatanisho wa wapangaji wa nyumba moja. Wasomaji wengi wameniuliza natumia nini kuandikia, nao hutarajia nitaje aina ya simu au programu fulani. Jibu langu ni kaunta buku ya kwaya mbili, ileile inayouzwa katika kila duka la steshenari, na baada ya mwaka huu naona inastahili kutathminiwa kwa uzito uleule ambao watu huwapa kompyuta na kamera. Kwa kazi ya mtu anayeandika habari za watu walio hai, wanaomfahamu kwa sura na watakaosoma alichokiandika, sijapata chombo kinachoizidi. Ina kasoro zake, na mojawapo ni kubwa kiasi kwamba imenilazimu kubadili namna ninavyoitumia, kwa hiyo nitazieleza bila kuzificha.

Kaunta buku ni daftari kubwa lenye jalada gumu, mgongo uliofunikwa kwa kitambaa, na kurasa zenye mistari. Ukubwa wake hutajwa kwa kwaya: ya kwaya moja ina kurasa 96, ya mbili 192, ya tatu 288 na ya nne 384. Humo ndimo wenye maduka wanamoandika madeni, vikundi vya VICOBA wanamoandika hisa na mikopo, zahanati zinamosajili wagonjwa, na kamati za misiba wanamoandika rambirambi jina kwa jina. Wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza huikuta katika orodha ya mahitaji, pamoja na idadi ya kwaya inayotakiwa. Maisha ya kila siku ya nchi hii yameandikwa katika daftari hili kwa miaka mingi kabla yangu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kulipenda.

Nimechagua kwaya mbili kwa sababu za kikazi. Ya kwaya nne ni nafuu zaidi ukigawanya bei kwa idadi ya kurasa, lakini ni nzito, na uzito huo wote unabebwa na mgongo, ambao huchoka kabla ya kurasa kuisha. Ya kwaya moja huisha mapema mno. Anayeandika maisha ya kila siku anahitaji kuiona miezi kadhaa ndani ya jalada moja, ili akifungua nyuma akute mvua za vuli zilivyoanza, bei ya unga ilivyopanda, na mtoto wa jirani aliyekuwa akibebwa mgongoni akiwa sasa anatumwa dukani.

Kabla ya kulipa, ifungue na utafute katikati ya fungu la karatasi, mahali ambapo karatasi zimekunjwa. Kaunta buku nzuri imeshonwa, nawe utauona uzi umepita katika kunjo, umekaza, na mashimo yake ni madogo. Ukikuta gundi peke yake, irudishe rafuni, kwa maana karatasi zitaanza kuchomoka moja moja mara utakapozoea kuilaza wazi juu ya meza. Kisha angalia karatasi ya kwanza kabisa, ile inayounganisha jalada na kitabu. Hapo ndipo mzigo wote wa kufungua na kufunga unapoishia, na hapo ndipo huanza kuachia. Niliyoanza nayo mwaka ilikuwa na mshono mzuri lakini karatasi hiyo ilikuwa nyembamba mno, ikachanika toka juu hadi chini baada ya miezi michache. Niliiokoa kwa ukanda wa kitambaa cha pamba na gundi ya mbao, na tangu hapo ikashika. Tangu siku hiyo huuweka ukanda huo kabla ya kuandika neno la kwanza. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na huongeza sana maisha ya daftari.

Karatasi yenyewe ni ya wastani. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na hii ni nyepesi kuliko hiyo. Utalijua hilo ukiishika kati ya vidole viwili, au ukiona maandishi ya upande wa pili yakionekana kwa mbali. Kalamu za jeli huvuja mpaka ng'ambo na kuharibu ukurasa wa pili, hivyo siwashauri watu wazitumie. Peni ya kawaida ya kigololi, kama ile Bic ya plastiki angavu iliyoingia sokoni Ufaransa mwaka 1950 na kuenea dunia nzima, inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu wino wake ni wa mafuta na ni mzito, hukaa juu ya karatasi bila kuzama. Faida ya wino huo niliiona wakati wa masika, mkoba wangu ulipolowana kati ya kituo cha daladala na nyumbani. Kurasa zilizoandikwa kwa peni ya kigololi zilikauka zikiwa na mawimbi, lakini kila neno lilisomeka. Mistari michache niliyokuwa nimeandika kwa kalamu ya jeli iligeuka madoa ya buluu.

Bei si kikwazo. Kwa rejareja mtaani kwetu nimekuwa nikilipa kati ya shilingi 3,000 na 4,000, na hupungua ukinunua Kariakoo kwenye maduka ya jumla. Ninachoshauri ni kuepuka Januari, shule zinapofunguliwa na wazazi wote wanapokuwa madukani na orodha mkononi, kwa kuwa bei hupanda na kinachobaki rafuni si kile ambacho ungekichagua mwenyewe.

Hayo ni mambo ya kitu chenyewe. Sababu ya kukitathmini kwa ajili ya uandishi wa hadharani ni nyingine, nayo inahitaji maelezo marefu zaidi.

Anayeandika kuhusu maisha ya kila siku hana chanzo kingine isipokuwa watu wanaomzunguka. Mwandishi wa riwaya anaweza kubuni. Mwandishi wa siasa anaandika kuhusu watu waliojitoa wenyewe mbele ya umma. Mimi naandika kuhusu mama anayeuza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, ambaye hakuomba kuandikwa, na ambaye kesho alfajiri nitapita mbele yake na kumwamkia. Kati ya kuona kwangu na kuchapisha kwangu lazima pawe na muda, na katika muda huo lazima yafanyike mambo fulani: kuthibitisha, kuomba ruhusa, kuondoa kinachoweza kumdhuru mtu, na mara nyingine kuacha kabisa. Kaunta buku inaulazimisha muda huo uwepo. Hakuna kitufe cha kuchapisha katika karatasi. Kila nilichokichapisha mwaka huu nilikiandika kwanza kwa mkono, kisha nikakisoma tena siku nyingine, kisha nikakinakili, na katika kila hatua palikuwa na nafasi ya kusema hapana.

Ninaitumia hivi. Ukurasa wa kulia ni wa nilichokiona na kukisikia, pamoja na tarehe, saa na mahali. Ukurasa wa kushoto nauacha wazi, nao hujazwa baadaye: nani ameombwa ruhusa, amesema nini, nini kibadilishwe, bei ipi niithibitishe. Ni kweli kwamba utaratibu huu unaipunguza kaunta buku ya kurasa 192 kuwa na kurasa 96 za simulizi, lakini ukurasa wa kushoto ndio ulioniwezesha kuandika hadharani kwa mwaka mzima huku nikiendelea kuishi kwa amani na majirani zangu.

Mfano mmoja, wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla kwa kuingiza namba kwenye mita, utaonyesha vizuri zaidi. Ukurasa wa kulia wa siku moja ya Julai unasomeka hivi: "Jumanne, baada ya magharibi. Barazani kwa jirani. Baba anasoma namba za LUKU kwenye simu, mtoto anabonyeza. Nne, kimya. Nne, kimya. Fungu la nne mtoto amekosea, baba anaanza upya kwa sauti ileile, hakasiriki. Taa inawaka. Hakuna anayesema kitu, mama anainua sufuria kuona kama wali umeungua." Ukurasa wa kushoto, siku kadhaa baadaye: "Nimemwomba. Amekubali, mradi nisiseme umeme ulikuwa umeisha tangu lini. Mama anasema wali haukuungua, niandike hivyo."

Simulizi iliyotokana na kurasa hizo ilihusu tarakimu 20 za LUKU, jinsi familia zinavyozigawa katika mafungu matano ya nne nne, nani husoma na nani hubonyeza, na sauti ambayo watu huitumia wanaposoma namba ambazo wakikosea moja itabidi waanze upya. Haikuwa na neno hata moja kuhusu idadi ya siku walizokaa gizani, kwa sababu hilo lilikuwa la kwao. Wali haukuungua. Katika mwaka wote huo ndiyo simulizi iliyoletewa majibu mengi kuliko nyingine zote, watu wakieleza desturi za nyumba zao: bibi anayezisoma mbili mbili, mume na mke wanaobadilishana zamu, mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa njia hiyo. Bila ukurasa wa kushoto ningekuwa nimeandika kuhusu umaskini wa jirani yangu, na nisingepata kuandika kuhusu uvumilivu wake mbele ya mtoto.

Mama wa vitumbua alikataa. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu juu yake, na kwa maoni yangu ni kurasa nzuri: jinsi anavyopima mafuta kwa jicho, jinsi anavyomwekea mzee fulani viwili vya pembeni vilivyokauka zaidi kwa sababu ndivyo avipendavyo. Nilipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi nauza, sijataka kusomwa." Nikaandika upande wa kushoto neno moja, "Amekataa", na kurasa hizo zimebaki humo. Sijajuta kuziandika. Mkono wangu ulijifunza kitu katika kuziandika, na watu wa mbali hawakuhitaji kuvijua vitumbua vyake. Sehemu kubwa ya kaunta buku yangu ya mwaka huu haijachapishwa wala haitachapishwa, na kwa maoni yangu kila anayetaka kuanza kuandika maisha ya mtaani hadharani anapaswa kujiandaa kwa uwiano wa namna hiyo.

Jambo hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake ni kwamba taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu zina mwenyewe. Hata kama mwandishi wa simulizi ndogo hadhani kwamba sheria hiyo imeandikwa kwa ajili yake, ni vema azoee kujiuliza kila aya inamtambulisha nani na kwa kiasi gani. Jina si kitambulisho pekee. Ukitaja kona, biashara, kilema cha mguu na idadi ya watoto, mtaa mzima umekwisha kumjua unayemsema. Katika ukurasa wa kushoto nina mazoea ya kupigia mstari kila kitambulisho cha namna hiyo na kuamua kipi kibaki. Mara nyingi kimoja kinatosha kuifanya simulizi iwe hai.

Sasa nije kwenye kasoro ile kubwa. Kaunta buku, kwa sababu ya kazi zake nyingine zote, ina sura ya serikali na ya madeni. Ukiifungua mahali pa watu, hakuna anayefikiri kwamba wewe ni mwandishi. Siku moja niliketi kwenye benchi katika soko la Tandika nikaiweka magotini na kuanza kuandika jinsi muuza dagaa alivyokuwa akipanga mafungu yake. Kabla sijamaliza sentensi ya pili aliniuliza, kwa upole lakini bila tabasamu, "Dada, huo ni mchango wa nini tena?" Mwenzake wa pembeni alikwisha kuanza kuvuta beseni lake la nyanya nje ya njia, akidhani ni mambo ya ushuru. Niliwaeleza, wakacheka, na muuza dagaa akanipa fungu la kuonja. Hata hivyo soko halikurudi kuwa lilivyokuwa kabla sijafungua jalada lile. Makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walitumia vishikwambi, na ofisi nyingi zimeingia kwenye kompyuta, lakini mtu mwenye daftari gumu na peni sokoni bado anasomwa kuwa mtu wa kudai.

Kwa sababu hiyo kaunta buku yangu haitoki tena nyumbani. Nje natembea na kijidaftari kidogo kinachoingia kiganjani, ambamo naandika maneno machache tu: bei, msemo, rangi, jina la kituo. Usiku nayahamishia kwenye kaunta buku kwa sentensi kamili. Nilidhani hatua hiyo ya ziada ingenichosha, kumbe ndiyo sasa ninayoithamini zaidi, kwa maana kile ambacho saa za jioni zimekifuta kichwani mara nyingi hakikuwa na uzito, na kile kilichobaki hujieleza chenyewe. Lakini mnunuzi ajue kwamba anaponunua kaunta buku kwa kazi hii atahitaji kununua na kijidaftari.

Kuna faida nyingine ya kuiacha nyumbani. Watu wanapojua kwamba wewe unaandika, hubadilika mbele yako. Kufikia katikati ya mwaka baadhi ya majirani walikuwa wakiniambia, "Hii utaiandika," na wengine walikuwa wakisema jambo kwa namna ambayo ni dhahiri wamelipanga liandikwe. Si vibaya, na mara nyingine wamenipa simulizi nzuri. Ila kadiri chombo cha kuandikia kinavyoonekana kidogo, ndivyo mazungumzo yanavyorudi haraka kwenye mkondo wake.

Simu nimeitumia pia, na lazima niitendee haki. Inatafuta neno kwa sekunde moja ndani ya maandishi ya miezi, jambo ambalo karatasi haiwezi. Inapiga picha ya bango au ya orodha ya bei. Tangu mwaka 2017 Google imeweka Kiswahili katika uandishi wa kutamka, na kwa mtu aliyekaa mahali tulivu, anayesema polepole Kiswahili sanifu, ni msaada wa kweli. Ndani ya daladala, muziki ukilia na konda akigonga ubavu wa gari, haifai. Kwangu mimi tatizo lenyewe liko kwingine. Mtaani simu iliyoinuliwa inaogopesha kuliko hata kaunta buku, kwa sababu kila mtu ameshaona jirani yake akirekodiwa na kurushwa mtandaoni bila kuulizwa. Tena katika simu maelezo ya siri na mlango wa kuyatangaza viko kwenye kioo kimoja, umbali wa kidole. Kwa anayeandika maisha ya watu wengine, ukaribu huo ni hatari ambayo hakuna mpangilio wa faragha unaoiondoa kikamilifu.

Daftari la kawaida la shule, lenye jalada laini, ni nafuu zaidi na linabebeka, lakini pembe zake hujikunja, na pini zake za chuma huota kutu katika hewa ya pwani na kuacha madoa katikati ya kurasa. Shajara zenye tarehe zilizochapwa sizipendi kwa kazi hii. Zinagawa maisha sawasawa, ukurasa kwa kila siku, wakati ambapo siku moja ya msiba inahitaji kurasa sita, na wiki nzima ya homa inahitaji mistari miwili.

Mwishoni mwa mwaka niliisoma yote tangu ukurasa wa kwanza, nikiwa na peni nyekundu, nikitengeneza faharasa katika kurasa za mwisho. Hapo ndipo nilipoona thamani ya kuandika takwimu siku ileile. Bei ya dumu la maji la lita 20 imeandikwa katika kurasa zangu mara nyingi, kila mara na tarehe, na ukizifuata unaona jinsi mtaa ulivyopita kutoka kwenye mgao hadi kwenye mvua na kurudi tena. Jiji hili linategemea kwa sehemu kubwa Mto Ruvu, na mto ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2021, habari hiyo hufika kwetu ikiwa na sura ya bei ya dumu, na ya vijana wenye mikokoteni wanaopita usiku. Kichwa changu kisingeweza kuzishika bei hizo. Kumbukumbu hulainisha mambo. Huacha hisia kwamba maji yalikuwa ghali na kufuta ni ghali kiasi gani na kwa muda gani. Simulizi ninazoziona kuwa bora katika mwaka huo zote zina namba moja au mbili za namna hiyo ndani yake, na wasomaji wa mikoa mingine wamezitumia kulinganisha na kwao.

Kuandika habari za kwetu kwa ajili ya watu wa mbali si jambo jipya katika Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na ambalo Shaaban Robert alichapisha humo mashairi yake, lilikuwa likipokea na kuchapa habari za miji kutoka kwa wasomaji wa pande mbalimbali za Tanganyika. Waliotuma habari hizo hawakuwa waandishi kwa kazi. Walikuwa watu walioona jambo mahali walipo, wakaliandika kwa mkono na kulipeleka posta. Nalitaja hilo kwa sababu linahusu moja kwa moja namna ya kuijaza kaunta buku: habari ya zamani hubaki na maana kwa anayeisoma leo pale ilipoandikwa pamoja na mahali na wakati wake, na mwandishi wa leo asiyeandika tarehe juu ya ukurasa anamnyima msomaji wa kesho kitu ambacho hakiwezi kurudishwa.

Yapo mazingira ambayo singeipendekeza. Anayeripoti matukio ya papo kwa papo hataifurahia, kwa kuwa ucheleweshaji ninaousifu ni hasara kwake. Anayeishi chumba kimoja na wenzake, au katika nyumba ambayo kila kilicho mezani ni cha wote, akumbuke kwamba daftari halina nenosiri. Mtu yeyote anaweza kulifungua, na ndani yake kuna mambo ambayo wenyewe walikataa yasitoke. Mimi nimezoea kuwaandika watu kwa herufi ambazo si za majina yao, na kaunta buku zilizojaa ziko ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Pia ipo nakala moja tu. Moto, mafuriko au mtoto mwenye kikombe cha chai vinaweza kuufuta mwaka mzima, hivyo kila mwisho wa mwezi nazipiga picha kurasa zote na kuzihifadhi mahali ambapo hazisomwi na mtu mwingine. Ni kazi ya kuchosha, na katika tathmini yoyote ya haki inapaswa kuhesabiwa upande wa hasara.

Unyevu wa pwani nao una madhara yake. Jalada hupinda likiachwa limesimama rafuni wakati wa masika, hivyo ni vema kulilaza chini ya kitu kizito. Mende wanapenda gundi ya mgongo, na mchwa hawachagui. Sanduku la bati limewazuia wote hadi sasa, mradi tu daftari liwe limekauka kabisa kabla ya kuwekwa humo.

Kwa mtu anayekusudia kuandika maisha ya kila siku hadharani kwa mwaka wa kwanza, pendekezo langu ni kununua kaunta buku mbili za kwaya mbili kwa wakati mmoja, za aina moja na za mshono wa uzi, kwa sababu viwanda hubadilisha karatasi bila taarifa na aina uliyoizoea huenda usiikute tena. Anunue na peni kadhaa za kigololi za rangi moja, peni moja nyekundu ya faharasa, kijidaftari cha mfukoni, na kipande cha kitambaa cha pamba kwa ajili ya karatasi ile ya kwanza. Ya kwangu ya mwaka wa pili iko tayari mezani, ukanda umekwisha kukauka, na katika kurasa zake nne za mwisho nimeshachora safu za faharasa: jambo, tarehe, ukurasa, na ruhusa.